Kasisi wa Mjini na Mchawi wa Msituni

Mwalimu wa lugha hukosea ubaoni, mbele ya macho ya watu. Kosa tunalotaka kulisimulia hapa tuliliandika kwa chaki nyeupe na kwa hati nzuri, katika shule moja ya sekondari huku kwetu Bugoye, wilaya ya Kasese, chini ya milima ya Rwenzori. Lilikuwa la maneno matatu tu: mchawi wa msituni.

Ndugu walimu wa pwani na wa mijini yamkini watauliza maneno hayo yalihusu somo gani. Hayakuwa ya somo la muhtasari, bali ya mchezo. Bugoye ni njia ya wapanda milima. Lango la Nyakalengija, waanziapo safari wengi waendao kwenye theluji, liko karibu nasi, na aghalabu tunawaona wageni wakipanda wima na kushuka wakichechemea. Mmoja wao, kijana wa Ulaya, alishuka na goti lililovimba akakaa kwa majirani zetu karibu majuma mawili. Alipoondoka alituachia sanduku dogo lenye vitabu viwili vya sheria za mchezo na mfuko wa dadu za pande nyingi, moja likiwa na pande ishirini. Mchezo huo ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Watoto wake ni wengi siku hizi, nao huchezwa mezani duniani kote.

Hauna ubao wa lazima wala mshindi. Wachezaji huketi pamoja, na mmoja wao huwa mtambaji, anayesimulia mahali walipo na mambo yanayowakuta. Kila mmoja wa wengine huchukua nafsi ya mhusika na kusema atafanya nini. Pakiwa na shaka kama jambo litafaulu, dadu hutupwa. Aliyewahi kuitikia "Pakawa!" jioni kando ya moto hatauona mgeni sana, isipokuwa kwamba hapa msikilizaji huingia mwenyewe ndani ya hadithi na kuivuruga.

Twakiri kwamba tuliupenda upesi kwa sababu za kazi. Watoto wengi wa Uganda walikua wakisikia kwamba Kiswahili ni lugha ya askari na ya vizuizi vya barabarani. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini agizo halimfungui mtoto kinywa. Sisi tulizaliwa Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe, ambako Kiswahili huvuka daraja la Lhubiriha siku ya soko pamoja na magunia, na watu hukisema bila kujali kama ni sanifu. Bugoye hali ni nyingine. Mwanafunzi hukiandika vizuri na kukisema kwa hofu. Basi tukawapa wanachama wa chama cha Kiswahili mchezo huu, na jioni ya kwanza tukasikia maajabu. "Ningemrukia, je, angeniona?" "Ungalikuja mapema, nisingalijeruhiwa!" Zile -nge- na -ngali- zinazotutoa jasho mwaka mzima zilimwagika mezani kama maharage kutoka katika gunia lililotoboka.

Kazi ya kwanza ilikuwa kutafsiri majina ya aina za wahusika. Mpiganaji wa upanga akawa shujaa. Mwizi akabaki mwizi, kwa makofi. Yule anayeponya kwa nguvu za Mungu wake na kuvaa nguo za ibada akawa kasisi. Msomi ajifunzaye maajabu yake kutoka vitabuni akaitwa bingwa wa mazingaombwe. Nadhani wanafunzi walimheshimu kwa ajili ya vile vitabu.

Kisha tukafika kwa wahusika wa porini, na hapo ndipo safari ilipoharibika.

Wako wawili. Wa kwanza kwa Kiingereza huitwa kwa jina lile lile la mlinzi wa hifadhi ya wanyama. Aliingia mchezoni mwaka 1975, naye ametokana na shujaa mmoja wa hadithi za Tolkien: mtu wa nyikani, mfuata nyayo, rafiki wa wanyama. Tulipolitamka jina hilo darasa zima liliguna. Huku kwetu kila mtu anamjua renja. Tangu mwaka 1991, mlima ulipotangazwa kuwa hifadhi ya taifa, renja ni mtu mwenye bunduki anayesimama kwenye mpaka, na mjomba wa fulani alikutana naye akiwa na mzigo wa mianzi. Walinzi hao wana kazi ngumu, na twawajua wengine walio waungwana kabisa. Lakini hapakuwa na mtoto hata mmoja aliyetaka kuwa renja kwa hiari katika saa yake ya mchezo. Tukampa jina la msasi, nasi tukaendelea.

Wa pili ni druidi. Katika vitabu vya mchezo huu alitajwa kwanza mwaka 1975 kama mmoja wa viumbe wa kupambana nao, yaani adui. Mwaka 1976, katika kijitabu kiitwacho Eldritch Wizardry, akaruhusiwa kuwa mhusika wa mchezaji, na mwaka 1978 sheria zake zikapangwa kwa urefu. Huyu ni kuhani wa miti, maji na hali ya hewa. Huongea na wanyama, huamuru majani yamzonge adui miguu, huita radi. Havai deraya ya chuma. Alama yake takatifu ni kirukia, ule mmea uotao juu ya mti wa mwingine, ambao wakulima wetu huukwangua kwa hasira. Akiisha kupanda ngazi kadhaa anaweza kujigeuza mnyama. Katika sheria za 1978 idadi ya wakubwa wao ilihesabiwa: wa ngazi ya kumi na mbili walikuwa tisa tu ulimwenguni, juu yao watatu, na juu ya wote mmoja. Aliyetaka nafasi hizo ilimlazimu kumshinda aliyeishika. Vilevile wana lugha yao ya siri, na matoleo ya baadaye yalisema wazi kwamba ni mwiko kumfundisha mtu wa nje. Mwalimu wa lugha akifika kwenye sharti hilo husimama kidogo.

Tuliwaeleza wanafunzi haya yote, tukauliza: huyu tumwiteje? Sauti ya nyuma ikajibu, "Mchawi wa msituni!" Wakacheka, nasi tukacheka, tukageuka tukaandika.

Waliposoma orodha ya wahusika, msichana mmoja wa kidato cha pili alinyoosha mkono. Tumwite Biira, jina la binti wa pili, maana kila mji wa Wakonzo una Biira wake. Akasema kwamba yeye anamtaka yule wa mwisho. Kabla hatujaandika, kijana mmoja akadakia, "Mwacheni achukue, babu yake ndiye!" Darasa likaangua kicheko. Biira aliushusha mkono wake polepole, akaufungua mkoba wake akawa anatafuta kitu ambacho, tulivyoona, hakikuwamo.

Babu yake ni mmoja wa wazee wanaojua mahali pa matambiko kwenye mgongo wao wa mlima. Sisi tulikuwa tunalijua hilo. Juma lile Biira hakuja chamani, wala la pili. Mwenzake akatuambia kwamba njiani wanamwita kwa yale maneno yetu matatu.

Msomaji asidhani kwamba jambo hili ni la utani wa watoto. Neno mchawi huku kwetu ni shtaka. Uganda ina Sheria ya Uchawi ya mwaka 1957, na chini yake mtu aliyepatikana na hatia aliweza kuamriwa kukaa mbali na nyumba na shamba lake, hadi Mahakama ya Katiba ilipoona mwaka 1997 kwamba amri ya namna hiyo ni kinyume cha Katiba. Majirani nao hawangoji mahakama. Katika kaunti ya Kilifi, huko Kenya, wazee wameuawa kwa tuhuma hizo, nako ndiko kwenye misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda, ambayo UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Mvi, macho mekundu na kipande cha shamba ambacho kijana anakitamani: hayo yanatosha.

Cha ajabu ni kwamba sheria hiyo ya 1957, iliyotungwa wakati wa Waingereza, ilikuwa na uangalifu ambao sisi hatukuwa nao. Inasema kwamba uchawi kwa maana ya sheria hiyo hauhusu ibada ya mizimu ifanywayo kwa nia njema, wala utengenezaji na uuzaji wa dawa za kienyeji kwa nia njema. Aliyeiandika alijua kwamba hapa pana watu watatu: anayeroga, anayeabudu na anayetibu. Kiswahili kinawajua wote tangu kale. Tunaye mchawi, tunaye mlozi, tunaye mwanga azungukaye usiku; na mbali nao tunaye mganga, na mwenye kutambika, na mwenye kuombea mvua. Wanafunzi wangu hawakuyajua maneno hayo yote, na hawana lawama. Mimi niliyajua, nikawaacha wachague lile moja baya kwa kuwa lilichekesha.

(Tumeteleza tukasema "mimi". Mhariri atuachie hapo.)

Siku ya Jumamosi tukavuka Mubuku tukapanda mgongo. Mto huo ndio uendeshao kituo cha umeme cha Bugoye cha megawati 13 tangu mwaka 2009. Waya zake hupita juu ya migomba na mibuni, na nyumba nyingine zilizo chini ya waya hizo bado huwasha koroboi. Tulimkuta mzee ameketi barazani akimenya mihogo. Tulimsalimu kwa Kikonzo, naye alipoambiwa sisi ni nani akajibu kwa Kiswahili.

"Mwalimu, karibia. Kiswahili yangu ni ile ya Kilembe, ya chini ya udongo. Usicheke."

Alikuwa amefanya kazi katika machimbo ya shaba miaka ya 1970, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha wachimbaji waliotoka kila upande: hakina ngeli nyingi, lakini hakikosi neno. Tukamwomba radhi. Tulikuwa tumeiandaa hotuba ndefu njiani, ikaisha kwa sentensi mbili. Hakutuambia kwamba ametusamehe. Alisema, "Biira aliniambia ni mchezo. Nielezee huyo mtu."

Tukamweleza druidi kama tulivyowaeleza wanafunzi. Alisikiliza kama hakimu. Habari ya lugha ya siri haikumstaajabisha. Alisema kwamba naye anayo maneno ya zamani, ya kusemea mahali pale, ambayo wajukuu hawayaelewi. Hakuna aliyekatazwa kuyajua, ila hakuna anayeuliza. Tulipofika kwenye kujigeuza mnyama uso wake ukabadilika, akatuzuia kwa mkono.

"Hiyo si ya mtu mzuri," alisema.

Tulielewa. Katika Ulaya ya vitabu vya hadithi, shujaa akijigeuza dubu msomaji hushangilia. Huku kwetu habari za watu-chui zilivuka mpaka kutoka Kongo tangu enzi za Wabelgiji, na kule Singida, Tanganyika, miaka ya 1940 watu wengi walikufa katika mkasa ulioitwa wa watu-simba, na watu wakahukumiwa kunyongwa. Mtu aliyevaa ngozi ya mnyama usiku hakuja kuulinda msitu. Sheria ile ile ya mchezo, ikisomwa barazani kwa Mkonzo, humgeuza mlinzi kuwa muuaji.

Kisha akauliza maswali ambayo hayamo katika vitabu vyote viwili.

"Huyo mtu yako, nguvu anaomba kwa nani?"

Tukasema kwamba inategemea mchezaji: kwa mungu fulani, au kwa msitu wenyewe. Zikiisha, hulala, na akiamka asubuhi huwa amezipata tena.

"Akilala tu?"

"Ndiyo, mzee."

"Hapeleki kitu? Hapatanishi watu kwanza?"

"Hapana, mzee."

"Na akiita mvua, inateremka wapi?"

"Anapotaka."

"Chini ya hapo nani anakaa?"

Hatukuwa na jibu. Mzee akaurudia muhogo wake. "Basi huyo hana jirani," akasema.

Tumelitafakari neno hilo kuliko mengi tuliyosomeshwa katika stashahada ya ualimu. Wakonzo wa jadi husema kwamba mwenye mlima ni Kithasamba, akaaye kwenye theluji. Na theluji yenyewe ndiyo nzururu, lilikotoka jina la Rwenzururu. Kalisya ndiye mwenye wanyama wa porini, na mwindaji alimwomba kabla ya kuinua mkuki. Mzee hakujiita mwenye nguvu juu ya yeyote kati ya hao. Alivyotueleza, kazi yake ni kwenda kuomba kwa niaba ya mgongo mzima, naye hawezi kwenda wakati ndugu wawili wanagombania mpaka wa shamba, kwa sababu maombi ya watu wasiosemezana hayapandi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yake hufanyika barazani, kwa maneno, kabla ya kuku yeyote kuguswa. Druidi wa kitabuni huhesabu nguvu zake kwa siku. Mzee huzihesabu kwa idadi ya watu waliokubali kuketi pamoja.

Sisi ni watu wa kanisa, wala hatukupanda kule ili tubadili dini. Lakini tumeishi kando ya mito hii. Tarehe 1 Mei 2013 maji ya Nyamwamba yalishuka Kilembe na mawe makubwa kama nyumba, yakaua watu na kuwaacha maelfu bila makazi. Mwezi Mei 2020 mito ilifurika tena, Mubuku wetu ukiwa mmojawapo, na hospitali ya Kilembe ikaharibiwa. Mzee alitukumbusha moto wa mwaka 2012 ulioteketeza nyasi na vichaka vya juu kabisa mlimani. Wazee, alisema, walionya kwamba nyumba ya mwenye mlima imeungua na kwamba maji yatakuja kuuliza, vijana wakacheka. Nasi tukakumbuka kwamba watafiti wa vyuo vikuu walioichunguza gharika ya 2013 waliutaja moto huo huo: mabonde ya juu yalipoteza mimea iliyokuwa ikishika udongo na kupunguza kasi ya maji. Hatusemi kwamba maelezo hayo mawili ni mamoja. Mmoja alipima kwa vyombo na mwingine kwa hofu ya Mungu wake. Lakini wote wawili walitazama juu kujua kilichoharibika, na wote wawili waliwahesabu wanaokaa chini.

Kuhusu theluji yenyewe, mzee alinyoosha kidole kaskazini-magharibi, mahali ambapo siku hiyo palikuwa na mawingu matupu. Alisema kwamba utotoni mwake ile nyeupe ilikuwa pana. Vipimo vinakubaliana naye: mwaka 1987 barafu ya Rwenzori ilikuwa kama kilomita 2 za mraba, na mwaka 2003 ilikuwa imepungua chini ya 1. "Mwenye nyumba anahama," alisema, na hakuongeza kitu.

Tulipoaga tulimwuliza tumwandike nani ubaoni. Mchawi hapana, tulikwisha kubaliana. Mganga je? Akakataa: yeye hatibu mtu, na walio waganga wasije wakadhani anawaibia kazi. Akafikiri kidogo.

"Mimi ni muombaji tu," akasema.

Turudi kwa druidi mwenyewe, kwa sababu njiani tukishuka tulijiuliza kama naye hakutendwa kama tulivyomtenda mzee. Madruidi walikuwako kweli, katika nchi ambazo sasa ni Ufaransa na Uingereza, miaka elfu mbili iliyopita. Wao wenyewe hawakutuachia hata ukurasa mmoja. Kaisari, aliyekwenda kuiteka nchi yao, ndiye aliyeandika kwamba mafundisho yao hayakuandikwa, na kwamba wanafunzi wengine walikaa hata miaka ishirini wakiyahifadhi kichwani. Plinio, Mrumi mwingine, ndiye aliyetuletea yule mzee wa nguo nyeupe akikata kirukia kwa mundu wa dhahabu. Na Takito akasimulia jinsi majeshi ya Kirumi yalivyovuka maji mnamo mwaka 60 hadi kisiwa cha Mona na kuikata misitu yao mitakatifu. Watu hao, basi, twawajua kwa kalamu ya waliowashinda. Watunzi wa mchezo waliokota makombo hayo karne nyingi baadaye, wakayachanganya na hadithi nyingine, wakapata mhusika wa kupendeza. Hatuwalaumu, mchezo ni mchezo. Ila mtoto wa Ulaya akimcheza druidi, hakuna druidi jirani yake atakayeitwa majina njiani. Biira anaye babu yake.

Jumatatu tuliyafuta maneno yale mbele ya wote, tukaeleza kwa nini, tukaandika badala yake "druidi", kama tuandikavyo daktari na shule, maneno yaliyokuja na kitu chake. Yule kijana aliyedakia aliomba radhi bila kulazimishwa, kwa sauti ndogo. Biira alikuwapo. Akasimama akauliza swali ambalo tulistahili kujiuliza wenyewe tangu mwanzo.

"Mwalimu, yule anayeomba mjini tulimwita kasisi. Huyu anayeomba msituni, kwa nini alikuwa mchawi?"

Mwalimu mwenzetu aliyekuwa amepita kutusikiliza hakulipenda swali hilo, akatuambia baadaye kwamba kumlinganisha kasisi na watu wa matambiko ni kupotosha watoto. Tulibishana hadi chai ikapoa. Tulimwambia kwamba hatulinganishi imani, twalinganisha adabu ya maneno. Kwamba Kiswahili kina neno la heshima kwa kila anayesimama mbele ya kile anachokiamini, na kwamba mwanafunzi akitoka kwetu bila maneno hayo atalazimika kutumia matusi hata pale asipokusudia. Hakukubali yote. Lakini jina la druidi hakulipinga.

Biira yeye hakulitaka hata hilo. Katika karatasi yake ya mchezo, mahali pa aina ya mhusika, aliandika "mwombaji". Wenzake walilalamika kwamba mwombaji ni yule anayenyoosha bakuli stendi ya Kasese. Akawajibu kwamba ndiyo, ni yule yule. Babu yake naye ananyoosha mkono. Hatukumsahihisha.

Muhula uliopita hadithi yao ilifika penye mto. Majambazi wa kitabuni walikuwa wamepiga kambi ng'ambo, wengi mno kwa upanga wa shujaa, na kila jicho likamgeukia Biira, kwa kuwa mhusika wake alikwisha kupanda ngazi ya kuita dhoruba. Mtambaji siku hiyo alikuwa yule yule kijana wa kicheko. Akasukuma dadu la pande ishirini kuelekea kwake.

Biira alilishika, hakulitupa.

"Chini ya hapa," aliuliza, "mto unapokwenda, kuna kijiji?"

Kijana hakuwa amelifikiria jambo hilo. Alipekua karatasi zake, akatutazama sisi, tukaangalia dirishani. Akafikiri.

"Kipo," akasema.

"Basi kwanza nateremka kuwauliza."

Shujaa akalalamika kwamba watachelewa, mwizi akasema atamsindikiza, na kengele ya jioni ikalia dadu likiwa bado kiganjani mwake.